Fito za Bwana Kokoto

Jenista alijikwaa tena kwenye mfuko wa turubai uliolazwa mlangoni, na safari hii nusu ya maji ya kumwogeshea mtoto yalimwagika. Hakupiga kelele. Alilitua karai, akautazama mfuko, akayatazama maji yakinyonywa na sakafu ya udongo, kisha akaita kwa sauti ya mtu ambaye amekwisha kuita mara nyingi mno.

"Baba Lusubilo!"

"Naam, mama."

"Hivi vijiti vyako vitalala mlangoni mpaka lini?"

"Si vijiti, ni fito," mumewe alijibu kutoka uani, bila kuinua kichwa. "Na zimekaa hapo kwa muda tu. Chumbani hazienei."

Hilo lilikuwa kweli, hazikuenea. Nyumba ya serikali waliyopewa pale Tunduma ilikuwa na vyumba viwili vya matofali, na kila pembe ya vyumba hivyo sasa ilikuwa na ufito wa kuvulia samaki. Mmoja ulisimama nyuma ya kitanda. Mwingine ulipita juu ya sanduku la nguo mpaka dirishani, na Jenista alikuwa anauanikia nepi bila kuomba ruhusa. Mwembamba kuliko zote ulifungwa darini kwa kamba, na kila upepo ulipovuma ulitikisika kama mkia wa mjusi, mtoto akaangua kicheko.

Na bahari yenyewe haikuwapo. Kutoka Tunduma, hata ukipanda kilima kirefu kuliko vyote vya Ileje, huoni bahari. Utaona Nyasaland upande mmoja na Rhodesia upande mwingine, na ng'ombe wa watu katikati.

Mambo yalianza na uhamisho. Anyelwisye, mume wa Jenista, alikuwa dresa, mfunga vidonda wa serikali, katika zahanati ya Tunduma, na mvua za mwaka wa hamsini na moja zilipokaribia kwisha ikaja amri kwamba ahamie Lindi, pwani kabisa ya kusini. Wakati huohuo Mzungu aliyekuwa akisimamia ujenzi wa barabara kuu, ambaye watu walimwita Bwana Kokoto, alikuwa anafunga mizigo yake aende zake kwao. Bwana huyo aliwahi kuumia mguu kwa jiwe, kidonda kikaoza, na Anyelwisye akamfunga bendeji kila asubuhi mpaka akapona. Aliposikia habari ya Lindi alifurahi kama vile yeye ndiye aliyehamishwa. Zamani alifanya kazi pwani, na vifaa vyake vya kuvulia alikuwa anatembea navyo bara yote bila kuvitumia.

"Huko utavua karibu na ufuko, ndani ya ghuba," alimwambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Maji ya chumvi, lakini si kilindi. Ufito wa mtoni, utavunjika. Ufito wa papa, utakuchosha mkono, na samaki mdogo akigusa humsikii. Chagua ufito mmoja. Chagua na rili moja inayolingana nao. Zinazobaki mpe Ezron dereva, apeleke kwa rafiki yangu Mbeya."

Rili ni lile gurudumu dogo lenye mkono wa kuzungushia, ambalo mshipi wa kuvulia unakunjwa humo. Zilikuwa nne, ndani ya bati la biskuti. Bwana Kokoto aliliacha bati, akauacha mfuko, akaondoka na gari lake kwa njia ya Rhodesia, na balaa akamwachia Jenista.

Ajabu yake ni kwamba kazini Anyelwisye hakuwa mtu wa kusitasita. Akiletewa mtu mwenye jipu, analitazama mara moja, anachemsha kisu, anapasua, mgonjwa anamaliza kupiga yowe wakati bendeji imekwisha kufungwa. Watu walitoka Mpemba kumfuata kwa sababu ya mkono wake huo mwepesi. Lakini mtu huyohuyo akirudi nyumbani na kushika ufito, akili ilimganda. Aliushika huu, akautikisa, akauinamisha mpaka ncha ikagusa ardhi, akauweka. Akashika ule. Akarudia huu. Chakula kikapoa.

"Tazama, mama Lusubilo," alikuwa akisema. "Huu mrefu ni mzuri kwa kurushia mbali kutoka mchangani. Lakini umetengenezwa kwa vipande vya mwanzi vilivyogundishwa. Gundi na maji ya chumvi, vitapatana?"

"Sijui, baba."

"Na huu mnene ni wa kwenye ngalawa, kwa samaki wazito. Haukunjiki. Samaki wa ndani ya ghuba, changu, kolekole wadogo, utamjuaje kama amegusa?"

"Sijui, baba. Ugali unapoa."

"Huu wa chuma ni mwepesi kwa sababu una uwazi ndani. Lakini chuma, pwani..."

Jenista alikuwa anakwenda kukaa jikoni na mtoto, amwachie maneno yake. Ilikuwa afadhali kukaa kwenye moshi.

Kisha yakaja mambo ya kurusha. Anyelwisye alifunga gunzi la mahindi kwenye mshipi badala ya chubwi, kile kipande cha risasi cha kuzamishia ndoana, akasimama nyuma ya zahanati, akawa analirusha kwenye uwanja na kulivuta polepole majanini, eti aone rili ipi inakunja vizuri. Rili kubwa ya mbao na shaba ilizunguka kwa kasi kuliko mshipi ulivyotoka, mshipi ukajisokota ukawa kama kiota cha ndege, na kuufumua kulimchukua mchana mzima wa Jumamosi. Rili yenye meno ndani ilirusha mbali sana, kiasi kwamba gunzi lilivuka barabara na kumpiga mgongoni mama mmoja aliyebeba ndizi. Mama huyo alipiga kelele, ndizi zikadondoka, na ni Jenista aliyetoka kwenda kuomba radhi, kwa kuwa mumewe alikuwa bado anahesabu hatua mpaka pale gunzi lilipoangukia.

Lakini lililomfika Jenista rohoni ni la chumvi.

Alikwenda kutia chumvi mboga, akafungua kibuyu, kitupu. Alikitikisa. Alikiinamisha. Chumvi ile ilikuwa imenunuliwa juzi tu, nayo ilikuwa ya kutosha mpaka siku ya kuondoka. Akatoka uani na kijiko mkononi, na pale nyuma ya nyumba akalikuta karai la kumwogeshea mtoto limefunikwa kwa ungo. Aliufunua. Ndani, kwenye maji ya mawingumawingu, zilikuwa zimelala rili zote nne, pamoja na kipande kidogo kilichokatwa kwenye kitako cha kila ufito.

"Ni majaribio," Anyelwisye alisema alipoulizwa. "Nataka kuona ipi inaota kutu kwanza. Bahari ni chumvi, mama Lusubilo. Pesa ya mtu inapotea kwa kutojua hili."

"Pesa gani? Si umepewa bure?"

"Nasema kwa mfano."

"Na mboga nipike na nini? Na mtoto aoge wapi?"

Alilitazama karai kama mtu ambaye hakuwa amefika huko katika hesabu zake. "Hayatachukua muda," akasema. Usiku ule walikula maharage ya maji matupu, na Jenista alihakikisha mumewe anapata bakuli kubwa kuliko siku zote.

Kama dereva Ezron angenyamaza, pengine mambo yangekuwa na mwisho. Ezron alikuwa Mnyiha wa Ihanda, mtu mcheshi, mrefu, mwenye kofia ya kijeshi ambayo haikupata kutoka kichwani, na kila alipopita na lori lake kutoka Mbeya alisimama kunywa togwa kwa Jenista na kutoa mashauri. Aliwahi kukaa Tanga. Kila sentensi yake ilianza huko.

"Mimi nilipokuwa Tanga," alisema mara ya kwanza, "watu walivua kwa ufito mrefu. Mrefu! Ukiwa na mfupi, mawimbi yanakuletea mshipi miguuni."

Anyelwisye akautoa mrefu, akaupaka mafuta, akautenga. Jenista akashusha pumzi: jambo limekwisha. Ezron aliporudi safari iliyofuata akakuta ufito uleule ukutani.

"Aa, huo tena?" akasema, akipangusa mdomo. "Mimi nilipokuwa Tanga, mrefu ulikuwa wa watu wa nje. Ndani ya ghuba kuna mikoko, kuna miamba, samaki aina ya tewa wanakaa kwenye mashimo. Utaurusha vipi na miti juu ya kichwa? Chukua mfupi, mnene, umtoe kwa nguvu."

Anyelwisye akaurudisha mrefu kwenye mfuko. Jenista, ambaye alikuwa anamimina togwa, aliacha kumimina.

"Shemeji Ezron," aliuliza, "huko Tanga, wewe ulivua samaki wangapi?"

"Mimi?"

"Wewe."

Ezron alikitazama kikombe chake. "Mimi nilikuwa kwenye mkonge, shemeji. Samaki nilikuwa nala."

Jenista alimtazama mumewe, akitumaini angalau atacheka. Anyelwisye hakusikia. Alikuwa anajaribu kuukunja ule mnene kwa magoti, akinong'ona kwamba kweli, mashimo ya miamba hakuyafikiria.

Hayo yote, hata hivyo, Jenista angeyavumilia. Aliolewa na mtu mwenye mambo yake na alijua tangu mwanzo. Kilichomchoma ni swali moja ambalo kila jioni alikuwa anamuuliza, na kila jioni lilizamishwa kwenye mambo ya fito.

"Mama umemwambia?"

Mama aliyesemwa ni bibi Enesi, mama mzazi wa Anyelwisye, mjane, aliyekaa Ikinga huko kwenye milima ya Ileje pamoja na migomba yake. Alizaa watoto wa kiume wawili. Wa kwanza, Mbonile, alikwenda kusini kwenye migodi miaka mingi iliyopita, na tangu siku hiyo haikuja salamu, haikuja hata nguo yake ya kuonyesha kwamba amekufa. Tangu hapo jina la Mbonile halikutajwa mbele ya bibi. Watu waliruka juu yake kama wanavyoruka shimo kwenye njia.

"Jumapili nitakwenda," Anyelwisye alikuwa akijibu. Jumapili ikifika, rili inahitaji kutiwa mafuta. Jumapili nyingine, mvua. Ya tatu alivaa viatu kabisa, akafika mpaka barabarani, akarudi kwa sababu amekumbuka kwamba hajajua vile vipete vya kupitishia mshipi kwenye ufito wa chuma vimeunganishwa kwa kitu gani.

Siku hiyo Jenista alimwambia wazi. Alikuwa anapepeta mchele, na hakuacha kupepeta.

"Unajua mimi naona nini? Naona kwamba siku ukichagua ufito, safari imekuwa kweli. Ndiyo maana huchagui. Ukichagua, itabidi uende Ikinga."

Anyelwisye alikuwa anazungusha mkono wa rili. Aliacha. Halafu akaendelea kuzungusha, polepole zaidi.

Jenista naye alikuwa na lake ambalo hakulisema. Alijua bibi Enesi akisikia habari ya Lindi jambo la kwanza atakalotaka ni kuachiwa mjukuu. Ndivyo ilivyokuwa kwa wengi. Mtoto anabaki kwa bibi, wazazi wanakwenda kwenye kazi. Kwa hiyo kila mumewe alipoahirisha, moyo wa Jenista ulikasirika na kushukuru kwa pamoja, na hilo lilimuudhi kuliko fito zote.

Mwishowe alifanya lililo jepesi. Wanawake wa Ileje walipofika Tunduma kuuza maharage, akamshika mmoja aliyetoka kijiji cha Ikinga, akamwambia, "Mwambie Mama Enesi kwamba tunahamia Lindi, Ezron anatuchukua mwisho wa mwezi. Mwambie mwanawe anakuja kumuaga." Mwanamke yule akaitikia, akajitwika kapu lake, akaenda.

Bibi Enesi hakungoja mwanawe aende. Alikuja mwenyewe.

Alifika adhuhuri, miguu imejaa udongo mwekundu mpaka magotini, na kikapu cha ndizi kichwani. Jenista alimwona kutoka mbali na kukimbia kumpokea. Lakini bibi hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa amesimama kando ya barabara, akiangalia nyuma ya zahanati, ambako mwanawe, dresa wa serikali, amevaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi, alikuwa anarusha gunzi majanini na kulivuta, anarusha na kulivuta.

"Jenista, mwanangu," bibi aliuliza polepole, "huyu anafanya nini?"

"Anavua samaki, Mama."

Bibi aliyatazama majani. Alimtazama mkwewe. "Ameanza lini?"

Anyelwisye alipogeuka na kumwona mama yake, gunzi lilikuwa bado hewani. Liliangukia kwenye paa la zahanati, likanasa huko.

Tangu saa ile bibi Enesi hakusema naye. Alikaa kwenye mkeka, akampakata Lusubilo, akampa ndizi, na kila alichotaka kumwambia mwanawe alikipitisha kwa Jenista, ingawa watatu wote walikuwa chumba kimoja, magoti yanakaribia kugusana.

"Muulize mumeo, hiyo Lindi iko wapi."

"Baba Lusubilo, Mama anauliza Lindi iko wapi."

"Mwambie ni mbali. Ni kwa lori, halafu treni, halafu meli."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia. Muulize huko mtakula nini."

"Samaki, Mama," Jenista akajibu mwenyewe, maana alikwisha kuchoka kuwa mlango wa watu kupitia.

"Na hivi vijiti ndivyo vya hao samaki?"

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu mama afike, Anyelwisye alichangamka. Alivuta mfuko, akazitoa fito zilizokuwamo, akaanza kueleza: huu ni wa mchangani, huu wa ngalawa, huu umegundishwa. Na bibi Enesi, badala ya kumkatiza, akanyoosha mkono na kuushika ule mnene, akaupima uzito.

"Huu ndio ufito," akasema. Sasa alikuwa anamwambia mwanawe moja kwa moja. "Mwizi akija, unampiga nao."

"Mama, si wa kupigia wezi. Hauna hisia. Samaki akigusa..."

"Samaki akigusa umpige vilevile."

"Mama, hujaelewa. Ncha yake inatakiwa iwe laini, halafu nguvu ianzie katikati..."

"Mimi nisielewe? Nani aliyekuchongea mpini wa jembe lako la kwanza?"

Mvua ilikuwa imeanza kunyesha, mvua ya mwisho mwisho, yenye matone makubwa. Jenista alikaa na kuwasikiliza. Mama na mwana, waliokuwa na neno moja tu la kuambiana, walikuwa wanabishana kwa Kindali, lugha yao ya Ileje, kwa bidii, karibu kwa furaha, kuhusu kijiti kipi kikunjike wapi. Walikuwa sawasawa. Paji lilelile la uso, kidevu kilekile kinachotangulia mbele. Akaelewa kwamba wataendelea hivi mpaka jioni, mpaka kesho, mpaka Ezron apige honi barabarani, na wataagana huku wakizungumza habari ya vipete.

"Basi!" alisema. "Yamenifika hapa!"

Aliinuka. Alimnyang'anya bibi ule mnene, akamnyang'anya mumewe ule mrefu, akakusanya na nyingine zote chini ya kwapa, ule wa darini akaukwanyua na kamba yake, akaenda mlangoni akazitupa zote nje kwenye tope. Bati la rili akalitoa pia, akaliweka kwenye mvua, akarudi.

"Mama," alisema, ingawa hajapata kusema hivyo mbele ya mkwe, "mwanao anahama. Baba Lusubilo, mama yako yuko mbele yako. Na Mbonile tumtaje, maana yumo humu ndani siku zote. Sasa semeni."

 Mvua ilipiga paa la bati. Mtoto alimtazama mama yake, akamtazama bibi, kisha akarudia ndizi yake.

Bibi Enesi ndiye aliyeanza, na hakuinua sauti.

"Mbonile alipoondoka mimi nilikuwa mtoni," alisema. "Niliambiwa na mwanamke mwingine, nina mtungi kichwani. Akaniambia kama anavyoniambia kuwa jua limetoka. Nikasema ndiyo, najua, ili nisionekane mama asiyejua habari za mwanawe. Na wewe nimeambiwa na muuza maharage. Nikasema ndiyo, najua." Akaipangusa midomo ya mtoto kwa ncha ya khanga. "Wanangu wawili, na wote nawasikia njiani. Kwenda, nendeni. Ni nani aliyewakataza kwenda?"

Anyelwisye alikuwa amekaa na mikono mitupu, na bila kitu cha kushika alionekana mdogo. Polepole alishuka kutoka kwenye kiti, akachuchumaa mbele ya mkeka kama mtoto wa Ikinga anavyochuchumaa mbele ya mzazi.

"Mama," akasema, "nimekuja kukuaga."

"Umekuja wapi? Mimi ndiye niliyekuja!"

"Nimekosa, Mama. Nakuaga sasa. Naenda Lindi, na mke wangu na mtoto. Niliogopa."

Alisema na mengine, lakini kwa sauti ya chini, na Jenista aligeukia dirisha ili asiwe anayasikia. Alipogeuka tena, mkono wa bibi ulikuwa juu ya kichwa cha mwanawe, unakipapasa kwa ukali kama mtu anayetafuta chawa.

"Haya," bibi alisema mwishowe. "Mmeaga. Sasa, Lusubilo mniachie."

 Maneno yote ambayo Jenista aliyatayarisha kwa wiki nyingi yalimkimbia. Alikuwa anafungua mdomo bila kujua kitatoka nini, mumewe akamtangulia.

"Hapana, Mama. Lusubilo tunakwenda naye."

Aliyasema bila kusita, kwa sauti ile ya zahanati, ile ambayo wagonjwa wanaisikia wakati kisu kimekwisha kuchemka. Jenista alimtazama kana kwamba ameingia mtu mwingine chumbani. Bibi Enesi naye alimtazama. Akafyonza, akamkumbatia mjukuu kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

"Basi nitakuja mwenyewe kumwona," akasema. "Msidhani sitakuja. Msije mkasema ni mbali."

Alikaa nao mpaka siku ya safari, na siku zote hizo aliikosoa chumvi ya Jenista.

Asubuhi ya kuondoka Ezron alifika na lori lililokwisha kujaa magunia ya kahawa mpaka juu. Alizunguka vyombo vya Anyelwisye, akakuna kisogo chini ya kofia.

"Sanduku sawa. Jiwe la kusagia, haya. Lakini vitu virefu, kimoja tu ndicho mtakachoshika mkononi. Vingine navifunga huku chini, ni vya Mbeya. Chagua, bwana."

Jenista alifumba macho. Hakutaka kuona.

Alipoyafumbua Anyelwisye alikuwa tayari ameushika ufito wa kati, ule ambao haukuwa mrefu wala mnene, ambao katika majuma yote hayo haukusemwa hata kidogo. Kutoka katika bati alitwaa rili ndogo nyeusi ya bakelaiti, ile plastiki ngumu, akaipangusa kwa shati. Haikuwa imeota kutu hata chembe.

"Huo?" Ezron alipaaza sauti. "Bwana, mimi nilipokuwa Tanga..."

"Huu," Anyelwisye alisema. "Ncha ni laini, utamsikia changu akigusa. Katikati unakaza, hata kolekole akikimbia utamrudisha. Na hii rili haina chuma isipokuwa mhimili. Nilijua tangu wiki ya kwanza."

Jenista alikuwa na mguu mmoja kwenye gurudumu la lori, anapanda. Alishuka.

"Ulijua?"

Anyelwisye alitambua alichokisema. Alitazama juu, akatazama chini, akatazama rili.

"Ulijua tangu wiki ya kwanza?" Jenista alirudia. "Na chumvi yangu? Na yule mama wa ndizi? Na karai?"

"Nilikuwa nahakikisha," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Bibi Enesi, aliyesimama kando kuwaaga, alicheka mpaka akashika mbavu, na ndivyo walivyomwacha, anacheka na machozi yanamtoka, haijulikani ya kipi. Jenista hakusema na mumewe mpaka Iringa.

Lindi kulikuwa na joto. Walipewa nyumba karibu na hospitali, na jioni Anyelwisye alikwenda ufukweni na ufito wake. Juma zima alirudi na mwani. Mara mshipi ulikatwa na miamba, mara chambo kililiwa na kaa, na watoto wa pwani, ambao walivua kwa mshipi wa mkononi bila ufito wala rili, walikuwa wanamkalia nyuma kwa safu kama watu waliokuja kutazama ngoma. Baadaye alianza kupata: changu wadogo, mkizi, siku moja kolekole aliyemkimbiza mpaka kiunoni majini na kaptula yake nyeupe. Jenista aliyemfulia kaptula hiyo alimkaanga kolekole huyo kwa hasira na kumla kwa furaha.

Bibi Enesi alikuja kiangazi cha mwaka uliofuata, kama alivyoahidi. Aliandamana na mke wa mwinjilisti mmoja aliyekuwa anamfuata mumewe pwani. Alikuwa ametapika njia nzima ya meli. Mashua ilipomleta ufukoni alikataa mkono wa mwanawe, akashuka mwenyewe, akasimama mchangani akipepesuka, na kabla ya salamu akamwambia Jenista kwamba mtoto amekonda.

Tangu siku hiyo hakuna kitu cha Lindi kilichompendeza. Joto lilikuwa la kipumbavu. Mbu walikuwa wengi. Ndizi zilikuwa vijiti. Jenista alipojifunza kwa majirani kutia tui la nazi kwenye maharage, bibi alionja, akaweka kijiko chini, akauliza ni nani aliyemwagia maziwa chakula cha watu. Kisha akala bakuli zima, akaomba jingine.

Miezi ikapita. Siku moja Jenista, amechoka, kwa upole wote alioweza kuupata, aliuliza kama Mama angependa watafute habari za meli ya kurudi.

"Mnanifukuza?" bibi Enesi aliuliza.

"La, Mama. Nimeuliza tu."

"Usiulize."

Jenista alifyonza kimoyomoyo, akaenda jikoni, akaongeza maharage kwenye chungu.